Choo cha Nahodha

Baba yangu mkubwa hawezi kukaa kwenye nyumba ya watu bila kuikagua milango. Mnamkaribisha, mnampa kiti, mnamuuliza habari za nyumbani, naye anajibu "nzuri, nzuri," lakini jicho liko kwenye bawaba. Mkienda jikoni mara moja, mkirudi mtamkuta amepiga goti mlangoni na bisibisi ambayo hakuna aliyemwona akiitoa mfukoni. Ni seremala wa nyumba. Mlango aliouweka yeye ukiuacha katikati unabaki katikati. Haujifungi wala haujifungui. "Mlango unaojiendea wenyewe," husema, "umewekwa na mtu aliyekuwa na haraka ya kwenda kula."

Kifaa anachokipenda kuliko vyote ni pimamaji yake, fupi, ya mbao, yenye kidirisha cha kioo na kipovu ndani. Aliachiwa na fundi aliyemfundisha kazi. Haitoki kwenye mfuko wa ovaroli yake. Kipovu kikitulia katikati ya vile vistari viwili, baba mkubwa naye anatulia. Kisipotulia, hali chakula.

Mtu huyu, anayetaka kila kitu duniani kilale sawa, alimwoa nahodha.

Mama mkubwa, dada yake mama yangu, anaendesha mashua ya tanga ziwani. Aliirithi kwa baba yake wakati ambao kaka zake wote waliona kazi hiyo imepitwa na wakati. Anabeba mizigo kutoka gati letu kwenda visiwani: saruji, sabuni, magodoro, madaftari ya shule, na siku moja ng'ombe mwenye hasira ambaye mabaharia wake wawili hawataki atajwe mpaka leo. Anaondoka asubuhi, anarudi jioni. Mumewe hapendi maji. Hata mashua ikiwa imefungwa gatini, akiikanyaga tu anashika kitu kwa mikono miwili na kuubana mdomo. Kwa hiyo ndoa yao yote imekuwa hivi: asubuhi anamsindikiza mkewe mpaka mwisho wa gati, anampa chupa kubwa ya maji ya kunywa yenye kamba ya kuvaa begani, kisha anarudi karakanani kwake. Jioni anampokea pale pale, anachukua chupa, wanatembea polepole kurudi nyumbani.

"Umerudi, Nahodha?"

"Nimerudi, Fundi. Umepigilia?"

"Nimepigilia."

Hiyo ndiyo salamu yao. Nahodha na Fundi, basi. Ukisikia "mume wangu" na "mke wangu" katika nyumba ile, jua kuna ugomvi, tafuta pa kwenda.

Kisha nyonga ya mama mkubwa ikaharibika. Alipasuliwa, akawekewa chuma, akafundishwa kutembea upya kama mtoto, na akarudi nyumbani na mkongojo pamoja na maagizo. Daktari alisema anaweza kurudi kazini, anaweza hata kuendesha mashua, ila jambo moja asilifanye tena maishani mwake. Asichuchumae.

Daktari yule hajawahi kufanya kazi kwenye mashua. Choo cha mashua ya mama mkubwa kilikuwa ndoo. Ilikaa kwenye kijichumba cha nyuma, nyuma ya kipande cha turubai, na mtu aliichuchumalia huku ameshika kamba ili asianguke nayo. Mabaharia hawakuihitaji sana. Wao walisimama ukingoni, wakageuza mgongo, wakamaliza. Niseme wazi, kwa sababu jambo hili linanichoma: vyombo vyetu vya majini vimetengenezwa na watu wanaojisaidia wamesimama, kwa ajili ya watu wanaojisaidia wamesimama. Wanawake wanaovuka ziwa hili, walimu, wauguzi, wachuuzi, wajawazito, wanabana kutoka gati hadi gati. Hawanywi maji tangu jana yake. Wanaugua njia ya mkojo, halafu sisi tunawasifu kwamba ni wavumilivu. Na kilichomo ndani ya ndoo kilimwagwa wapi? Ziwani, humo humo tunamochota maji ya chai.

Kulikuwa na mfanyabiashara mmoja wa kisiwani, mtu wa heshima zake, ambaye kila mtu anamwita Kofia kwa sababu hajawahi kuonekana bila kofia. Alikuwa akiitamani mashua ile siku nyingi. Alipokuja kumjulia hali mgonjwa alileta mapapai, akakaa kwa adabu, akauliza habari za nyonga, na kila alipomaliza sentensi akatupa jicho upande wa gati.

Alipoondoka, mama mkubwa alichukua chungwa akaanza kulimenya. "Nitajaribu msimu huu," alisema, kama mtu anayeongea na chungwa. "Nikiona siwezi kwenda na kurudi kama binadamu, namwachia Kofia."

Mimi nilidhani baba mkubwa atafurahi. Mashua ile ilikuwa imemnyang'anya mke kila siku ya Mungu tangu walipooana. Badala yake alisukuma sahani pembeni.

"Nikikuwekea choo cha kukaa?"

"Wapi, Fundi? Juu ya mlingoti?"

"Pale pale penye ndoo."

Chuoni nilisomea mambo ya maji na usafi, kwa hiyo nikaulizwa. Nikaeleza kwamba choo cha kawaida cha kwenye boti kina pampu, na pampu inahitaji bomba linalotoboa ubavu wa chombo. Mama mkubwa hakuningoja nimalize.

"Hakuna atakayetoboa mashua ya baba yangu. Maji yanatafuta pa kuingilia usiku na mchana, mimi niyafungulie mlango?"

Basi nikawaeleza choo cha mboji. Hakitumii maji, hakitoboi kitu. Mtu anakaa kwenye kiti kama kiti kingine. Chini yake kuna njia mbili. Ya mbele inapeleka mkojo kwenye dumu dogo. Ya nyuma inaangukia ndani ya pipa lenye unga mkavu wa mbao, na pembeni kuna mkono wa kukorogea. Kinachonuka ni hivyo viwili vikikutana. Ukivitenganisha, ukafunika kwa unga wa mbao, ukaweka kibomba cha kutoa hewa nje, kilichomo pipani kinakauka na kunuka udongo. Ukikihamishia kwenye pipa kubwa nchi kavu, ukakiacha kipumzike muda mrefu, kinakuwa mboji ya kurutubisha miti. Hapo nikapanda jukwaani kidogo. Nikasema juu ya ziwa, juu ya samaki, juu ya watoto wanaoharisha, juu ya watu wanaokunywa walichomwaga.

"Mwanangu, kula kwanza," mama mkubwa alisema. "Ziwa halitakauka ukimeza tonge moja."

Baba mkubwa katika maneno yangu yote alisikia neno moja.

"Umesema unga wa mbao?"

"Ndiyo, wa kufunikia."

"Mkavu?"

"Mkavu kabisa."

Akageuka kutazama dirishani, upande wa karakana, ambako kila wiki alikuwa akifagia unga huo na kuuchoma moto. "Nina mlima," alisema taratibu. "Nahodha, nina mlima mzima."

Wakati ule mashua ilikuwa imepandishwa nchi kavu ipakwe rangi tumboni. Ilisimama juu ya magogo, imeegemezwa nguzo ubavuni, na ngazi ndefu ya kupandia. Mama mkubwa hakuweza kuipanda ngazi ile. Alikaa chini kwenye kiti cha plastiki, mkongojo mapajani, akitoa amri kwa sauti. Baba mkubwa alipanda na kushuka bila wasiwasi. Nchi kavu haogopi kitu. Mafundi wa boti walijitolea kumsaidia, akawakatalia. Choo cha mkewe angekijenga kwa mikono yake.

Alikuwa ameshaanza nyumbani, kimyakimya. Kwa siku kadhaa alikuwa akimtazama mkewe anavyoinuka. Kwenye sofa aliinuka kwa kuguna. Kwenye kiti cha mezani aliinuka kwa kushika meza. Lakini ile stuli ndefu ya karakana, anayokalia akimpelekea mumewe chai, aliinuka kutoka juu yake kama mtu aliyeitwa. Baba mkubwa akaibeba stuli ile mpaka kwenye mashua, akaifanya kipimo cha kiti cha choo. Hakumwambia mtu kwa nini.

Mmoja wa wapaka rangi alichungulia ndani akamwona ameweka pimamaji sakafuni. "Fundi, sisi huku hicho kifaa huwa hatu—"

"Umekuja kupaka rangi," baba mkubwa alimkata, "au umekuja kunionyesha kilicho sawa na kisicho sawa?"

Mpaka rangi akaenda zake na kopo lake.

Baadaye kichwa cha baba mkubwa kilitokeza juu ya ukingo. "Nahodha, nina habari mbaya. Mashua yako imepinda."

"Umepinda wewe."

"Kipovu hakidanganyi. Imeinamia upande huu, tena pua imeinuka. Miaka yote hii umekuwa ukiendesha kitu kilichopinda."

"Na miaka yote hii kimefika."

Aliisamehe mashua. Akaamua kwamba kama chombo chenyewe hakiko sawa, angalau chumba ndani yake kitakuwa sawa. Kuta akazisimamisha wima kwa pimamaji, sakafu akailaza kwa pimamaji. Kiti akakielekeza mlangoni, mgongo kwenye ubavu wa mashua, kama vyoo vyote alivyowahi kuweka katika nyumba za watu. Niliona kwamba kuta mpya hazikwenda pamoja na mbao za zamani, nikamuuliza. Akanitazama kwa huruma. "Zile ndizo zilizopinda, mwanangu."

Na kwa haki, kilikuwa chumba kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuona vya aina hiyo. Kiti kilipigwa msasa mpaka kikawa laini kama shavu. Kulikuwa na mti wa kushika kwa mkono wa kulia, sanduku la unga wa mbao lenye kifuniko na kikombe chake, ndoano ya kutundikia mkongojo. Na ukutani, usawa wa jicho la mtu aliyekaa, alikuwa amechonga kishubaka kidogo chenye kitambaa laini ndani. Cha miwani. Mama mkubwa akivua miwani huwa hajui pa kuiweka, na akiiweka huwa hajui alikoiweka.

Siku ya kuishusha, mabaharia walimpandisha mama mkubwa kwa kiti chake cha plastiki, nami nikawa ndani ya mashua pamoja naye. Baba mkubwa alisimama gatini. Mashua iliteleza, ikagusa maji, ikajitikisa na kukaa wima kama inavyokaa siku zote. Chumba kipya kikalala upande, kama mtu aliyesinzia kwenye bega la jirani.

Mama mkubwa alifungua mlango, akatundika mkongojo kwenye ndoano. Mkongojo ukaning'inia mbali na ukuta, ncha yake ikielekea kwingine kabisa. Tukautazama wote wawili. Akachota maji kikombe kimoja, akamimina kwenye njia ya mbele. Maji yakasita, yakafikiri, halafu yakatambaa kurudi nyuma, yakadondokea ndani ya pipa kavu.

Alipitisha kidole ndani ya kishubaka cha miwani, akakirudisha, akakipitisha tena.

"Ukimwambia," alisema bila kunitazama, "nitakutupa majini."

Kisha akatoka nje, akaegemea mkongojo, akaita kwa sauti ya kinahodha: "Fundi, kimekaa."

Gatini, baba mkubwa aliinua mikono yote miwili juu.

Nilijaribu kubishana naye siku ile na siku zilizofuata. Nilimwambia hivi sivyo kinavyotakiwa kufanya kazi. Alinijibu kwamba atakizoea, kwamba amewahi kuzoea mambo makubwa zaidi, kwamba amemzoea hata baba yangu mkubwa. Akaweka kitambaa chini ya kiti upande mmoja. Kitambaa kilisaidia mashua ikiwa imefungwa. Lakini mashua ya tanga haiendi ikiwa wima. Upepo ukiishika inalala ubavu, na ikigeuzwa inalalia ubavu wa pili. Upande mmoja kiti kilimtupa mlangoni. Upande mwingine kilimlaza chali, na kila kitu chini yake kikaenda kisikotakiwa. Alikuwa mwanamke wa makamo mwenye chuma nyongani, peke yake ndani ya chumba kilichofungwa, akishikilia mti kwa mikono miwili.

Akaamua kufanya wanachofanya wanawake wote wa ziwa lile. Akaacha kunywa maji.

Baba mkubwa alianza kulihisi jambo hilo kwenye kamba ya chupa. Asubuhi aliikabidhi ikiwa nzito, jioni akaipokea ikiwa nzito. Mara ya kwanza alidhani siku ilikuwa ya baridi. Mara ya pili akajiambia labda amekunywa chai kisiwani. Kisha akaanza kuona mambo: midomo ya mkewe imepasuka, akifika nyumbani, kabla hata ya kuvua viatu, anasimama penye maji na kunywa kikombe juu ya kikombe.

Jioni moja nilikuwa nao gatini. Mabaharia walikuwa wakifunga tanga. Baba mkubwa alipokea chupa, akaitikisa sikioni, na hakuanza kutembea.

"Nahodha, chupa imejaa."

"Sikusikia kiu."

"Kutwa nzima juani?"

"Kulikuwa na mawingu."

Sote watatu tulitazama juu. Mbingu ilikuwa safi kama sahani iliyooshwa.

Baba mkubwa akanipa chupa niishike. Halafu akapanda mashua. Hakushika kitu; nadhani alisahau kuogopa. Tulimfuata. Akafungua mlango wa choo chake, akainama, akakiona kile kitambaa chini ya kiti. Akatoa pimamaji mfukoni, akailaza juu ya kiti. Kipovu kikakimbilia kwenye kona ya kioo na kubaki huko kikitetemeka. Akaihamishia kwenye mbao za sakafu ya zamani. Kipovu kikarudi katikati, kikawa kinacheza huku na huku, lakini katikati.

"Mashua haijapinda," alisema.

"Haijapinda."

"Iliegemezwa."

"Juu ya magogo, ndiyo. Huwa inaegemezwa hivyo, maji ya mvua yasituame ndani."

"Umejua tangu lini?"

"Tangu iliposhuka."

"Kwa nini hukuniambia?"

Mama mkubwa aliangalia ukutani. "Uliniwekea mpaka kishubaka cha miwani, Fundi. Ningeanzia wapi?"

Baba mkubwa aliketi sakafuni, pale pale mlangoni, magoti juu. Alikaa hivyo akiitazama kazi yake.

"Mke wangu," alisema mwishowe, na mimi nikatafuta pa kwenda, lakini kwenye mashua hakuna pa kwenda. "Kitu kibovu unakisema, navunja, najenga tena. Mimi navunja kila siku. Lakini ukae na kiu kutwa nzima kwa sababu ya heshima yangu? Hiyo ni heshima gani?"

"Mume wangu, usipandishe sauti, kuna watu."

"Sijapandisha."

"Hujapandisha," alikubali. Akakaa kwenye kile kiti kilichoinama, akateleza kidogo, akajizuia kwa mkongojo. "Nimechoka, Fundi. Leo nimekutana na Kofia kisiwani. Nimemwambia aje Jumamosi."

Baba mkubwa alipokea habari ile bila kuinua macho. "Kuja kufanya nini?"

"Unajua kuja kufanya nini."

"Basi akija," alisema, huku akianza kufungua skrubu za kwanza, "atakuta choo."

Kesho yake alifika na vifaa vyake vyote. Aling'oa kiti, kuta, sakafu, akabakiza mbao za mashua tupu. Akaweka pimamaji, akangoja kipovu kitulie. Hakikutulia. Boti ya uvuvi ilipita mbali, kipovu kikaenda pembeni. Baharia alikohoa, kikarudi. Baba mkubwa alianza kutokwa jasho.

"Rudisha hicho kifaa mfukoni," mama mkubwa alimwambia kutoka nyuma yake. "Leta stuli. Kaa."

"Nikae wapi?"

"Pale utakaponikalisha mimi."

Akaiweka stuli, akakaa, uso mlangoni. Mara akasikia kamba zinafunguliwa.

"Nahodha, unanipeleka wapi?"

"Kazini."

Upepo ulipoingia tangani, mashua ililala ubavu, na baba mkubwa akatoka mlangoni pamoja na stuli yake kama mpangaji aliyefukuzwa. Baharia mmoja alimdaka. Akarudi, akakaa tena. Mama mkubwa akaigeuza mashua. Safari hii alilala chali, kisogo kwenye mbao, akitazama dari. Uso wake ulikuwa na rangi ya saruji mbichi. Aliiomba ile ndoo ya zamani, akatapika, akanawa uso, akaomba radhi kwa ndoo.

"Nikurudishe?" mama mkubwa aliuliza.

"Wewe hurudishwi na mtu. Endelea."

Kisha tukasikia miguu ya stuli ikiburuzwa. Alikuwa ameigeuza mwenyewe: sasa alitazama nyuma ya mashua, mabega yake yakiwa kati ya mbao za pande mbili za kijichumba. Mashua ikalala. Bega lake likaegemea upande mmoja, na magoti yakabaki mahali pake.

"Nahodha. Geuza."

Akageuza. Bega la pili likaegemea upande wa pili.

"Geuza tena."

"Tutafika lini kisiwani, Fundi?"

"Kisiwa hakina miguu. Geuza."

Mabaharia walicheka mpaka wakakaa chini. Baba mkubwa alitoa penseli sikioni, akaweka alama pale bega lake lilipogusa, akaitazama alama, akatikisa kichwa. "Mimi ni mrefu. Njoo ukae wewe."

Mama mkubwa akamwachia baharia usukani, akaingia, akakaa. Baba mkubwa alipiga magoti mbele yake kwenye sakafu inayoinuka na kushuka, mtu ambaye hata maji ya beseni yalitosha kumtisha. Akaweka alama ya bega la kulia, alama ya bega la kushoto, alama ya kiganja kinapokwenda chenyewe mashua inapolala. Kila mara alisubiri mashua iseme kwanza. Halafu sikio lake likawa karibu na ubavu wa chombo, naye akaacha kuandika.

"Hii sauti ni nini?"

"Maji. Yanapita nje."

Akasikiliza. Ni kama mtu anayeongea taratibu chumba cha pili, anayejua humsikii vizuri na hajali. "Unaisikia kila siku?"

"Kila siku."

"Hukuwahi kuniambia kuna sauti."

"Ulikuwa gatini, Fundi."

Alibaki ameweka sikio pale, na mkono wa mama mkubwa ulishuka ukakaa juu ya kichwa chake, juu ya unga wa mbao ulio kwenye nywele zake siku zote. Mimi nikaenda kutazama tanga, ambalo halikuwa na tatizo lolote.

Choo cha pili kilijengwa mashua ikiwa majini, tangu skrubu ya kwanza mpaka ya mwisho. Kila kitu kilifuata mbao za mashua yenyewe. Kiti kinatazama nyuma. Kuta zimesogea karibu, na penye mabega zina sponji iliyofunikwa turubai. Kizuizi kati ya njia ya mbele na ya nyuma kimeinuliwa, na dumu limefungwa mkanda. Kishubaka cha miwani kimerudi, safari hii kina mdomo mbele ili miwani isiruke. Hakikuwa kizuri kama kile cha kwanza. Mtu akikiona mashua ikiwa imefungwa atadhani fundi alikuwa na shida ya nafasi.

Jumamosi, Kofia alifika na mapapai.

"Mama, nimekuja tuongee lile."

"Panda kwanza, tukuvushe kwako. Tutaongea njiani."

Akapanda. Mama mkubwa akamkaribisha chai, na alipomaliza akamkaribisha nyingine, na papai lenye maji mengi, na yeye mwenyewe akawa anakunywa kutoka kwenye chupa yake. Katikati ya ziwa Kofia alianza kubadilisha mkao. Akautazama ukingo, akautazama upepo, akashika kofia yake.

"Kuna chumba," mama mkubwa alisema. "Ukimaliza, kikombe kimoja cha unga wa mbao."

Alikaa humo muda mrefu kuliko tulivyotarajia. Mashua iligeuka mara mbili naye akiwa ndani. Alipotoka, kofia ilikuwa mkononi; kwa mara ya kwanza tuliona kwamba ana upara mdogo, wa mviringo, kama kisosi.

"Hakuna harufu," alisema.

"Ipo," baharia alimjibu. "Ya seremala."

Kofia hakucheka. Alikaa, akaizungusha kofia vidoleni. "Mke wangu hajavuka ziwa hili tangu tulipomzaa wa mwisho. Harusi za ndugu zake havuki. Nikimwuliza anasema hajisikii." Akaitazama kofia. "Mimi siku zote nilidhani anaogopa maji."

Nilikuwa na hotuba yangu tayari, nzima, na safari hii nikaona haihitajiki.

"Aliyejenga hiki," Kofia aliuliza baadaye, "ana nafasi?"

"Muulize mwenyewe. Ila boti yako iwe majini, si juu ya magogo."

"Na lile la mashua yako..."

"Lile lipi?" mama mkubwa aliuliza, na kuelekeza macho kwenye tanga.

Kofia akavaa kofia yake. "Basi, tuliache."

Jioni tuliporudi, baba mkubwa alikuwa mwisho wa gati kama kawaida, ovaroli yake nyeupe kwa vumbi. Pembeni yake kulikuwa na gunia lililofungwa mdomo vizuri. Hakuuliza habari za Kofia. Hakuuliza habari za choo. Macho yake yalikuwa kwenye kamba ya chupa begani mwa mkewe, jinsi ilivyolegea.

"Umerudi, Nahodha?"

"Nimerudi, Fundi. Umepigilia?"

"Leo sikupigilia. Nilikuwa nakausha unga wako."

Akapokea chupa. Akaitikisa sikioni, ikanyamaza. Akafungua kifuniko, akaigeuza chini juu, akangoja. Tone moja lilijikusanya mdomoni mwa chupa, likaanguka juu ya ubao wa gati.

"Kesho," alisema, "nitakutafutia kubwa zaidi."